Mhariri, habari za "jeni ya kinga" zichapwe pamoja na hesabu zake

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya miezi michache kurasa za afya za magazeti, lako likiwamo, huleta habari ya namna moja: wanasayansi wamegundua jeni inayomkinga mtu na kirusi fulani, au jeni inayomfanya augue zaidi kuliko wenzake. Kichwa cha habari huwa kikubwa, habari yenyewe aya nne, na hesabu hazimo. Msomaji hubaki na moja kati ya mawili. Ama anajiona yuko salama kwa kuwa ametoka katika "ukoo wenye damu ngumu", ama anaanza kutafuta kipimo cha jeni ambacho majibu yake hayatabadilisha hata kidonge kimoja katika matibabu yake. Tunaandika kuomba habari hizi zichapwe pamoja na hesabu zake, na kueleza hesabu hizo hutoka wapi na huharibika wapi.

Kwamba urithi una mkono wake katika magonjwa ya kuambukiza, hilo halina ubishi. Mwaka 1988 ilichapishwa kazi ya Denmark iliyofuatilia familia 960 zenye watoto wa kuasili waliozaliwa kati ya 1924 na 1926. Mzazi wa damu alipokuwa amekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza kabla ya kutimiza miaka 50, hatari ya mtoto wake kufa kwa maambukizi ilikuwa takriban mara 5.8 ya wenzake, ingawa alilelewa katika nyumba nyingine kabisa. Mzazi mlezi alipokufa kwa maambukizi, hatari ya mtoto haikupanda kwa kiasi cha kutambulika. Kazi ile haikutaja jeni hata moja. Ilionyesha tu kwamba kuna kitu cha kutafutwa, na mitego imejaa katika kukitafuta.

Kirusi hakizaliani chenyewe. Lazima kishike protini fulani juu ya seli, kiingie ndani, kisha kitumie mitambo ya seli kutengeneza nakala zake. Protini hiyo hujengwa kwa maelekezo ya jeni, na maelekezo yakiwa na kasoro, huenda mlango usiwepo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni jeni ya CCR5. VVU hushika kwanza protini ya CD4, kisha huhitaji kishikio cha pili, na aina zinazosambaa zaidi baina ya watu hutumia CCR5. Mwaka 1996 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kwamba baadhi ya watu wamepungukiwa herufi 32, yaani viungo vidogo vya kemikali vinavyoandika maelekezo, katika jeni hii. Herufi za vinasaba husomwa tatu tatu, na 32 haigawanyiki kwa tatu. Kwa hiyo kuanzia hapo usomaji wote unapotoka, protini inakatika njiani, haifiki juu ya seli. Aliyerithi nakala hiyo fupi kwa baba na kwa mama huhimili sana maambukizi. Aliyerithi kwa mzazi mmoja huambukizwa kama wengine, ila ugonjwa wake kwa kawaida husonga polepole zaidi.

Hapo ndipo habari nyingi huishia, ilhali yanayofuata ndiyo yanayomhusu msomaji. Nakala mbili fupi hupatikana kwa takriban mtu 1 kati ya 100 wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya. Kwa watu wenye asili ya Afrika na ya Asia ya mashariki karibu hazipo. Zipo aina za VVU zinazopita kwa kishikio kingine, CXCR4, na watu wenye nakala mbili fupi wamewahi kuambukizwa kwa njia hiyo. Tena kukosa CCR5 kuna gharama yake: wasio nayo, wakiambukizwa kirusi cha West Nile, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua kuliko wengine. Mlango uliofungwa kwa kirusi kimoja ulikuwa pia njia ya askari wa mwili kwenda kupambana na kirusi kingine. Kwa sababu hiyohiyo tuliona ni kosa zito, mwaka 2018, mtafiti He Jiankui wa China alipokata jeni hii katika viinitete ambavyo vilizaliwa watoto. Baba wa watoto hao alikuwa na VVU, na njia salama za kumzuia asiwaambukize zilikuwapo tayari.

Faida halali ya ugunduzi ule ilikuja kwa mlango mwingine. Dawa ya maraviroc, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, huziba CCR5 kwa mtu yeyote, awe amerithi nini. Lakini kabla ya kuiandika ni lazima kupima kirusi cha mgonjwa kinatumia kishikio kipi. Kama kinatumia CXCR4, dawa itameza muda na kirusi kitaendelea. Angalia basi: kinachopimwa hapo ni kirusi, jeni za mgonjwa hazihusiki.

Kuna milango mingine iliyo rahisi kueleweka. Aina nyingi za norovirusi, zinazoleta kutapika na kuharisha, hushika sukari fulani juu ya seli za utumbo, na sukari hizo hutengenezwa kwa msaada wa jeni ya FUT2. Takriban mtu 1 kati ya 5 wenye asili ya Ulaya hana FUT2 inayofanya kazi, na aina iliyoenea zaidi ya kirusi hiki humpita bila kumgusa. Aina nyingine humpata. Kwa hiyo ananawa mikono kama sisi sote.

Kundi la pili la jeni halihusu milango, linahusu kengele. Seli iliyoingiliwa hutoa interferoni, protini inayoziamsha seli jirani zijifunge kabla kirusi hakijafika. Kirusi cha hepesi aina ya kwanza kimo miilini mwa zaidi ya nusu ya watu duniani, na wengi hawapati zaidi ya malengelenge mdomoni. Watu wachache mno, kama 2 hadi 4 kwa kila milioni kwa mwaka, hupata uvimbe wa ubongo wa maambukizi (ensefalitisi, si saratani) kutokana nacho. Kwa nini hao? Mwaka 2006 na 2007 ilionekana kwamba baadhi ya watoto waliopatwa walikuwa na kasoro katika UNC93B1 au TLR3, jeni zinazosaidia seli za ubongo kutambua kirusi na kupiga kengele. Damu yao ilipigana vizuri na virusi vingine. Upungufu ulikuwa mahali pamoja tu. Na hata humo, wako ndugu wenye kasoro ileile ya TLR3 ambao hawakuugua ubongo kamwe. Kasoro hizi huhusu sehemu ndogo tu ya wagonjwa wote wa aina hii.

UVIKO-19 ulitufundisha jambo lilelile kwa kasi. Kasoro za TLR7, jeni nyingine ya kengele, iliyo kwenye kromosomu (kifungu cha vinasaba) ya X, zilikutwa kwa takriban asilimia 1 ya wanaume wa chini ya miaka 60 waliozidiwa na ugonjwa huo. Mwanamume ana X moja tu, hana nakala ya akiba. Lakini kundi kubwa zaidi halikuwa na kasoro ya jeni iliyoonekana: mwaka 2020, kati ya wagonjwa 987 waliokuwa mahututi, 101 walikutwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe, na 95 kati ya hao walikuwa wanaume. Ukipima jeni zao tu, utawaambia kengele yao ni nzima, kumbe imefungwa kitambaa.

Sasa tuje kwenye utafiti wenyewe, maana hapa ndipo mwandishi wa habari anapopaswa kukaza macho. Namna inayotumika zaidi ni kuchukua wagonjwa, kuchukua watu wa kulinganisha nao, kusoma mamia ya maelfu ya sehemu za vinasaba vya kila mtu, na kutazama ni herufi ipi imezidi upande mmoja. Inasikika rahisi. Swali la kwanza ni hawa wa kulinganisha ni akina nani. Mtu ambaye hakuugua kwa sababu hakukutana na kirusi hana la kutufundisha kuhusu kinga. Ukiwalinganisha wagonjwa na wachangia damu ambao hujui kama waliwahi kuambukizwa, unachanganya waliohimili na waliobahatika. Kundi linalofundisha kweli ni la watu walioambukizwa kwa hakika wakapona wakiwa nyumbani, au waliokutana na kirusi mara kwa mara wasiambukizwe. Hata hao wa mwisho wanataka uangalifu. Miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono waliofuatiliwa Nairobi kwa miaka mingi, wapo waliokaa bila VVU licha ya kukutana navyo mara kwa mara. Baadhi yao waliambukizwa baadaye, na hilo lilihusishwa na kupunguza kukutana na kirusi, kana kwamba askari wao walikuwa wamekaa macho kwa kuchokozwa. Kinga iliyodhaniwa ni ya kuzaliwa ilikuwa, angalau kwa sehemu, ya mazoea.

Swali la pili ni kuhusu nasibu. Watafiti wengi huridhika na matokeo ambayo bahati tupu ingeyaleta mara 5 katika 100. Ukipima sehemu milioni moja kwa kipimo hicho, bahati peke yake itakuletea "jeni" 50,000 za uongo. Ndiyo maana kizingiti katika kazi hizi ni 0.05 gawanya kwa milioni, yaani 0.00000005, na bado tunadai kundi jingine la wagonjwa, mahali pengine, lionyeshe herufi ileile ikielekea upande uleule. Orodha ya jeni zilizotangazwa kwa utafiti wa wagonjwa 80 zisionekane tena ni ndefu, na vichwa vya habari vyake havikuwahi kusahihishwa.

La tatu ni asili ya watu. Ikiwa wagonjwa wengi wametoka jamii moja na wa kulinganishwa wametoka jamii nyingine, kila herufi inayotofautiana baina ya jamii hizo itaonekana kana kwamba ni ya ugonjwa. Ipo hesabu ya kupanga watu kwa ukaribu wa vinasaba vyao na kuondoa tofauti hiyo, na taarifa nzuri husema imefanyika. Isiposema, uliza.

Kisha kuna makosa ya mikono, ambayo hayaandikwi magazetini ingawa ndiyo yanayoharibu miezi ya kazi. Damu ya kutoa vinasaba huwekwa katika mrija wa kifuniko cha zambarau wenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda. Ikiwekwa katika ule wa kijani wenye heparini, kizuizi kingine cha kuganda, heparini huambatana na vinasaba na kuzuia kimeng'enya cha PCR, njia ya kuzidisha nakala za vinasaba ili zipimike. Majibu hayatoki, au yanatoka nusu nusu, na mtu hudhani sampuli ni dhaifu. Sahani ya maabara ina vishimo 96. Ukipakia wagonjwa wote sahani moja na wazima wote sahani nyingine, tofauti ndogo ya joto au ya kundi la kemikali itageuka "jeni ya ugonjwa" bila mtu kudanganya popote. Dawa yake ni kuwachanganya kwa bahati nasibu kabla ya kupakia. Mirija hubadilishana: kwa hiyo kompyuta husoma kromosomu za X na Y, na sampuli iliyoandikwa ni ya mwanamke ikionyesha Y inasimamishwa hadi ijulikane imetoka wapi. Sampuli ambayo zaidi ya asilimia 2 hadi 5 ya sehemu zake hazikusomeka hutupwa, kwa sababu zinazokosekana si za bahati. Mara nyingi hukosa herufi ya aina moja kuliko nyingine.

Upimaji wa kirusi nao una mtego wake. Katika PCR kila mzunguko huongeza nakala takriban maradufu, hivyo tofauti ya mizunguko 3.3 ni tofauti ya mara 10 ya kiasi cha kirusi. Lakini pamba iliyoingizwa puani nusu nusu inaweza kuleta tofauti hiyohiyo. Bila kupima pia jeni ya binadamu mwenyewe ndani ya sampuli ile, RNase P ikiwa ndiyo inayotumika sana, huwezi kujua kama mtu ana kirusi kichache au ulimgusa kidogo. Jeni "inayopunguza kirusi" inaweza kuwa ni zamu ya mhudumu aliyekuwa na haraka.

Tukishavuka hayo yote, bado kuna kosa la kuripoti. Chukua namba za kweli. Utafiti wa 2020 uliolinganisha wagonjwa 1,610 wa UVIKO-19 walioshindwa kupumua, wa Italia na Hispania, na watu 2,205 wengine, ulikuta sehemu ya kromosomu ya 3 yenye uwiano wa 1.77, yaani uwezekano wa kuzidiwa kwa wenye herufi ya hatari ni kama mara 1.77 ya wasio nayo. Matokeo hayo yalirudiwa na wengine na yamesimama. Gazeti litaandika "jeni inayokaribia kuongeza hatari maradufu", na haitakuwa uongo. Ila tuchukulie, kwa mfano tu, kundi la vijana ambalo 2 kati ya 1,000 wangezidiwa. Kwa wenye herufi hiyo wanakuwa kama 3 au 4 kati ya 1,000. Wengine 996 hali yao ni ileile. Umri peke yake hubadilisha hatari ya ugonjwa huu kwa makumi ya mara, na umri haulipiwi kipimo.

Sehemu hiyo ya kromosomu ya 3 ilirithiwa kutoka kwa Neanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, na hubebwa na karibu nusu ya watu wa Asia ya kusini, takriban asilimia 16 ya watu wa Ulaya, na karibu hakuna wa Afrika. Mwafrika akinunua kipimo kitakachomwambia "huna herufi ya hatari", ameambiwa jambo ambalo lilijulikana kabla hajatema mate kwenye kichupa. Mbaya zaidi, huenda ana herufi nyingine yenye uzito ambayo kipimo hakiitafuti, kwa sababu watu wenye asili ya Afrika wamekuwa takriban asilimia 2 tu ya walioshiriki tafiti za namna hii duniani. Pengo hili linatuuma. Vinasaba vya Waafrika ndivyo vyenye tofauti nyingi kuliko vya bara lolote, na ndivyo vilivyosomwa kidogo.

Je, hakuna kipimo cha jeni chenye faida? Kipo, na mfano wake unafundisha. Dawa ya VVU iitwayo abacavir huwaletea baadhi ya watu mzio mkali: homa, vipele, kichefuchefu, na wakiirudia baada ya kuiacha wanaweza kufa. Mzio huo huwapata wenye aina ya jeni iitwayo HLA-B*57:01. Katika jaribio lililochapishwa 2008, lenye wagonjwa 1,956 wa nchi 19, kundi lililopimwa kwanza na kunyimwa dawa wenye jeni hiyo halikupata mzio hata mmoja uliothibitishwa kwa kipimo cha ngozi. Kundi lisilopimwa lilipata asilimia 2.7. Kipimo kinafaa kwa sababu jibu lake linaamua jambo moja wazi, na dawa mbadala ipo. Hata hivyo, karibu nusu tu ya wenye jeni hiyo ndio wangepata mzio. Jibu la "huna" ndilo lenye nguvu.

Linganisha na homa ya ini aina ya C. Mwaka 2009 iligunduliwa herufi karibu na jeni ya IL28B iliyotofautisha waliopona kwa interferoni na wasiopona. Wenye nakala mbili nzuri walipona takriban mara mbili ya wengine, na kwa miaka michache kipimo kikawa cha kawaida kliniki. Kisha kuanzia 2013 na 2014 zikaja dawa za kumeza zinazoshambulia kirusi chenyewe, zinazoponya zaidi ya asilimia 95. Herufi ilibaki ileile mwilini. Umuhimu wake kwa daktari ulikwisha. Anayemuuzia mtu kipimo hicho leo anamuuzia kalenda ya mwaka jana.

Tunachoomba, Mhariri, si kirefu. Mwandishi wako akipokea taarifa ya jeni mpya, aulize wagonjwa walikuwa wangapi na walilinganishwa na nani, kama hao wengine waliambukizwa, kama kundi la pili limethibitisha, asili ya washiriki ni ipi, na kati ya watu 1,000 tofauti ni ya wangapi. Majibu yakae ndani ya aya mbili za mwanzo. Taarifa isiyo na majibu hayo inaweza kusubiri wiki moja.

Na kwa wasomaji, wapo wanaostahili kupimwa, tena mapema: mtoto aliyepata uvimbe wa ubongo kwa hepesi, hasa ukirudia, ndugu wawili wa tumbo moja waliozidiwa na kirusi ambacho wengine hukipata kama mafua, mvulana anayezidiwa vibaya na kirusi cha Epstein-Barr huku wajomba zake upande wa mama wakiwa na historia hiyohiyo, na mtoto, nao ni nadra sana, aliyeugua vikali baada ya chanjo hai (yenye kirusi hai kilichodhoofishwa) ya surua au ya homa ya manjano. Hao wapelekwe kwa daktari wa kinga, wakiwa na orodha ya ndugu, magonjwa na umri wa kila mmoja alipougua. Na mgonjwa aliyewahi kupandikizwa uboho aseme kabla ya kutolewa sampuli. Damu yake hubeba jeni za aliyemchangia, mate yake pia kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kipande kidogo cha ngozi kikuzwe maabara na ndicho kipimwe.

Wako,
Watumishi wa maabara ya virusi na kliniki ya magonjwa ya kuambukiza